Alama ya Tatu ya Bwana Lin

Iringa,
19 Januari 2025

Mjomba Gwakisa,

Shikamoo. Nimefika shule. Godoro langu nilikuta limechukuliwa, nikaogopa kuuliza limechukuliwa na nani, nikalala siku mbili juu ya chaga na kitenge mpaka matroni akagundua mwenyewe. Usimwambie mama.

Simu ni marufuku huku, kwa hiyo mpaka Pasaka utanisoma tu, hutanisikia. Mimi sioni shida. Kwenye karatasi naweza kusema, ila mbele ya mtu maneno yananikwama hapa kooni. Tangu nianze kidato cha tano sijanyosha mkono darasani hata mara moja, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili.

Ndiyo maana likizo ile ya Mbalizi siisahau. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi kisha akaondoka, akaniacha niifanye. Wewe ulinikalisha kwenye kiti chako cha mapokezi pale zahanati, ukaniwekea orodha ya Wachina wa kambi ya barabara na kile kitabu cha maelekezo cha Kiingereza, ukasema, "Hiyo lugha tumekulipia ada miaka minne, sasa itulipe." Halafu ukaenda kunywa chai. Niliogopa, lakini nilifurahi.

Lile faili la kompyuta nililowatengenezea linaendaje? Wagonjwa wanaonekana? Kama kuna mahali hapajakaa sawa niambie, sitajisikia vibaya. Yale majina kuwa mafupi kwenye kioo ni kawaida tu, kama nilivyokueleza siku ile.

Wasalimie nyumbani wote.

Mpwa wako,
Tusajigwe


Mbalizi,
2 Februari 2025

Tusajigwe, mwalimu wangu,

Marahaba. Ugonile? Barua yako niliisoma mapokezi kwa sauti, Faustina muuguzi akaniambia, "Mzee, foleni imefika nje, hiyo ni ya nyumbani." Nikamwambia huyu ndiye fundi wa faili, asubiri.

Faili linakwenda vizuri mno. Unakumbuka zamani nilivyokuwa nikiandika wale Wachina kwa jinsi nilivyosikia? Nusu ya kambi walikuwa Cheni, nusu Lini. Sasa mtu akija ananionyesha beji yake, nami natafuta maumbo yaleyale kwenye kioo. Nimeshayazoea. Kuna la miti miwili, kuna la sanduku lenye vitu ndani, kuna moja kama mtu anakimbia. Wenyewe wakiniona nimewapata wanacheka, wananipa kidole gumba.

Mganga mfawidhi, Dkt. Kalinga, ambaye unajua hajawahi kusifu hata mvua, alisimama nyuma yangu juzi akatazama, akasema, "Hm." Faustina anasema hiyo "hm" niiweke kwenye fremu. Kisha mganga akatoa amri kadi za karatasi zipelekwe stoo, zichomwe mwisho wa mwezi.

Kweli beji ina alama tatu na kioo kinaonyesha mbili, lakini maelezo yako nimeyashika. Fomu zetu zinataka majina matatu, lako, la baba na la ukoo. Nafasi ikiwa ndogo unaacha la mwisho, nani atakosa kujulikana? Basi na wao tumewapunguzia la ukoo, hakuna kilichoharibika.

Jambo moja nimelisafisha mwenyewe. Kuna mtu mmoja, wa miti miwili na sanduku, alikuwa ameandikwa mara mbili. Nikaona ni kidole chako kiliteleza. Nikafuta mstari wa chini, nikaacha wa juu. Unaona na mimi ninavyojua sasa.

Soma kwa bidii.

Mjomba wako,
Gwakisa


Iringa,
9 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliipata Ijumaa, nimeisoma mara nyingi.

Huku tumeanza majaribio. Jirani yangu wa kitanda anaitwa Juliana, kwao ni Ruaha Mbuyuni, baba yake anauza vitunguu kwenye kambi nyingine ya Wachina. Ni msemaji sana, mimi husikiliza tu. Jana alikuwa anasema Wachina huanza na jina la ukoo, ndipo la mtu mwenyewe linakuja mwishoni. Anasema ndugu wa rika moja wanaweza kufanana mpaka alama ya pili, tofauti yao ikawa ile ya tatu peke yake. Nimeona nikuandikie tu, kama habari.

Halafu zile kadi za karatasi, labda zisichomwe kwanza. Si kwamba kuna tatizo. Ni wazo tu. Na ule mstari ulioufuta, kama ungeweza kuuangalia kwenye kadi, sijui, ukipata nafasi.

Nilikuwa na jambo jingine lakini kengele imelia.

Mpwa wako,
Tusajigwe


Mbalizi,
2 Machi 2025

Tusajigwe mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa kujibu, mambo yalikuwa mengi kidogo. Sisi wazima. Mvua inanyesha vizuri, viazi vya shangazi yako mdogo kule juu vimekubali.

Ukiniona sasa hutanijua. Nimenunua miwani. Nilikwenda mjini Mbeya kupima macho, yule kijana akanionyesha herufi ukutani, nikasoma zote hadi chini kabisa, akasema, "Mzee, macho yako mazuri, hii miwani itakusaidia kidogo tu." Nikamwambia nipe hiyohiyo ya kidogo. Umri ni umri. Mtu anaweza kudhani anaona, kumbe haoni.

Kwa sasa nimehamia stoo, kuhesabu glavu na maboksi ya sabuni. Ni kwa muda, kupumzisha macho. Stoo kuna utulivu, hakuna wa kukusumbua.

Zile kadi hazikuchomwa. Niliwaambia mpwa wangu ameandika zisichomwe, Faustina akacheka, lakini tukaziacha. Nakushukuru kwa hilo. Ndaga fijo.

Nakutumia karanga na parachichi nne. Zile mbili ngumu zisubiri hadi Jumatano.

Mjomba wako,
Gwakisa


Mbalizi,
3 Machi 2025

Mwanangu Tusajigwe,

Mjomba wako amenipa huu mzigo niupeleke kwa wakala wa basi. Nimefungua mfuko wa karanga nikaweka barua hii chini. Yeye hajui, na hataki ujue. Anasema utaharibu mitihani. Mimi naona mtoto anayeweza kutengeneza faili anaweza kusikia habari.

Ijumaa ile ya tarehe 21 mwezi wa pili alikuja Mchina mmoja, mtu mzima, ana kidonda mguuni. Mjomba wako akamtafuta kwenye kompyuta, akampata, pameandikwa hana mzio wa dawa yoyote. Akachomwa penisilini. Hata dakika kumi hazikupita, uso ukavimba, midomo ikavimba, akawa hawezi kuvuta pumzi. Faustina alimshughulikia huku mwingine amekimbilia stoo kutafuta kadi ya zamani. Kadi imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba penisilini asiguswe nayo. Alikimbizwa Mbeya hospitali. Alilala siku nne. Yupo hai, tunamshukuru Mungu, lakini tulikaa siku nne bila kujua.

Mjomba wako ameulizwa, akasema, "Ni macho yangu. Nilitazama vibaya." Basi. Hajataja faili, hajataja mtu. Dkt. Kalinga amemtoa mapokezi mpaka kamati ya zahanati ikae tarehe 20. Watu wanasema ataachishwa. Ni miaka ishirini na miwili pale, mwanangu. Nyumbani anavaa ile miwani, akidhani simwoni anaivua ili asome gazeti.

Sijakuandikia ulie. Nimekuandikia kwa sababu mimi sielewi kompyuta, na mume wangu si mtu wa kutazama vibaya. Kama wewe unajua kitu, sema.

Mama Ipyana,
mke wa mjomba wako


Shule ya Sekondari, Iringa,
9 Machi 2025

Mganga Mfawidhi,
Zahanati,
Mbalizi, Mbeya.

YAH: KOSA LANGU KATIKA FAILI LA WAGONJWA WA KAMBI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Tusajigwe, mwanafunzi wa kidato cha tano, mpwa wa Bwana Gwakisa wa mapokezi. Mwezi Desemba ulinikuta pale mara tatu ukanisalimia, nami sikujibu ipasavyo. Si dharau, ndivyo nilivyo. Naandika kwa sababu nikija kusema mbele yako sitaweza, na kamati inakaa tarehe 20.

Bwana Gwakisa hakutazama vibaya. Kosa ni langu, na naomba nilieleze jinsi lilivyo.

Faili la kompyuta kabla halijajazwa lazima ulipange. Unataja kila sehemu itakayokuwemo, jina, umri, mzio, na kwa kila sehemu unataja aina ya maandishi na urefu wake. Urefu ni kama idadi ya viti. Herufi yetu moja inakalia kiti kimoja. Alama moja ya Kichina inakalia viti viwili. Hilo nililijua. Nikaona majina mengi kwenye orodha yana alama tatu, nikazidisha mara mbili, nikaandika sita. Mwalimu wetu alitufundisha tusipoteze nafasi, nami nilitaka nionekane nimeelewa.

Lakini kitabu kina sentensi inayosema kwamba kabla ya alama hizo kuanza kompyuta inaweka alama ya kufungua, na zikiisha inaweka ya kufunga. Hizo hazionekani kwenye kioo lakini nazo zinakaa, kila moja kiti chake. Kwa hiyo kwenye viti vyangu sita, viwili vilikwisha kuchukuliwa. Vikabaki vinne, yaani alama mbili. Ya tatu ilikosa kiti, kompyuta ikaikata bila kusema kitu.

Sentensi hiyo niliisoma. Ilikuwa ya Kiingereza, kila neno moja moja nililifahamu, ila zote kwa pamoja sikuzielewa. Bwana Gwakisa alipita akauliza, "Umeelewa yote?" Nikasema ndiyo. Ningesema hapana, angetafuta mtu wa kutusaidia. Nilijaribu faili kwa jina la mpishi wa kambi, ambalo lina alama mbili tu, likakaa zima, nikafurahi. Nilipojaza ya wengine nikaona ya tatu haipo. Sikutaka kufuta kazi yote na kuanza upya mbele ya watu. Nikatunga sababu. Nikasema ya mwisho ni ya ukoo, kama kwetu, na kwetu ukikosa nafasi ndilo unaloliacha. Sikuwa najua. Nilisema tu kwa sababu ilionekana inafaa, naye akaniamini.

Kumbe kwao ukoo unatangulia, na mtu mwenyewe ni ile ya mwisho. Walikuwepo wawili wanaofanana alama mbili za mwanzo. Kwenye faili langu wakawa mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Bwana Gwakisa alifuta mmoja akidhani ni nakala. Aliyefutwa ndiye mwenye mzio.

Na hili ndilo gumu zaidi kuliandika. Nilijua kabla. Barua yake ya kwamba amefuta mstari ilinifikia tarehe 7 Februari. Siku iliyofuata rafiki yangu akanieleza jinsi majina yao yanavyopangwa. Nikaelewa palepale kwamba kuna mtu amefutwa. Nilikuwa na wiki mbili kabla ya tukio. Nikaandika barua yenye "labda" na "sijui" na "ni wazo tu", nikasingizia kengele. Kengele haikuwa imelia. Ningeweza kuandika mstari mmoja, "usilitumie hilo faili", ukatosha. Niliogopa mtu aliyenisifu asije akaacha kunisifu.

Kurekebisha si kazi ndefu. Aina ya sehemu niliiweka sawa, urefu ndio uliokosewa. Iandikwe ishirini na mbili badala ya sita, ibebe alama kumi. Lakini yaliyokwisha kukatwa hayatarudi yenyewe, ni lazima majina yote arobaini na moja yaandikwe upya kutoka kwenye orodha ya kambi, na mzio wa kila mtu ulinganishwe na kadi zilizoko stoo. Mpaka hapo naomba zitumike kadi.

Naomba Bwana Gwakisa asiadhibiwe kwa macho yake. Ni mazima.

Wako mtiifu,
Tusajigwe

Nakala kwa Mjomba. Mjomba, nisamehe. Vua miwani.


Mbalizi,
23 Machi 2025

Tusajigwe,

Barua yako ilifika Ijumaa ya tarehe 14. Dkt. Kalinga aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Halafu akaja stoo akanipa mkononi. "Utaisoma wewe mbele ya kamati," akasema. Hata "hm" hakuna.

Sitakuficha, nilikasirika. Siku mbili sikutaka kuiona hiyo karatasi. Si kwa sababu ya hesabu ya viti, hata mimi ningeikosea. Ni kwa ile kengele. Nilijiona nilivyokaa mbele ya yule kijana wa macho nikisoma herufi za ukutani, nikitamani nisizione. Nilikuwa na mpwa anayejua, naye amenyamaza. Mama Ipyana akaniuliza, "Na wewe uliyemwandikia kwamba unapumzisha macho stoo, ulikuwa unasema nini?" Nilimaliza kukasirika Jumapili iliyopita, baada ya ibada.

Maana na mimi nina langu. Siku ile mgonjwa alipovimba niliiona beji yake ikining'inia, nikahesabu alama tatu, nikajua palepale kuna kitu kwenye faili. Ilikuwa rahisi kusema macho. Nilidhani nakukinga. Lakini nikikukinga hivyo, faili linabaki vilevile, na kesho anakuja mwingine. Hilo sikuliwaza mpaka niliposoma maneno yako ya kuomba zitumike kadi.

Kamati ilikaa. Nilisoma barua yote, sauti ilinikatika pale kwenye mpishi wa kambi, sijui kwa nini pale. Mwenyekiti akauliza nani aliyepokea faili kazini bila kulikagua. Dkt. Kalinga akanyosha mkono mwenyewe. "Mimi," akasema. "Nilisaini bila kufungua." Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kufuta mstari wa mgonjwa bila kumuuliza mtu. Ni haki. Jumatatu narudi mapokezi na kadi zangu. Miwani naendelea nayo, nimeshailipia.

Sasa nikueleze la jana. Bwana Lin, yule mgonjwa wetu wa penisilini, alikuja kusafishwa kidonda. Anachechemea kidogo bado. Aliponiona sikujua nianzie wapi, maana Kichina sina na Kiingereza unakijua changu. Nikachukua karatasi nikamchorea ninavyolijua jina lake kutoka kwenye kioo chetu, miti miwili, kisha sanduku. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. Akachukua kalamu mkononi mwangu akaongeza moja mbele, ndogo, mistari mitatu imesimama kama uma. Akaweka kidole juu yake. Kisha akajigusa kifuani. Alipoona bado nimeduwaa akanishika mkono mpaka dirishani, akanyosha kidole juu, kwenye mlima.

Nikamwambia pole. Kwa Kiswahili. Hilo analijua, akajibu, "Asante, mzee."

Pasaka unakuja. Faili limefungwa, halijaguswa. Dkt. Kalinga amesema litafunguliwa na aliyelitengeneza, na watu wote wa mapokezi wakiwa wamekaa, na kila sentensi ya kitabu usiyoielewa useme hujaielewa. Bwana Lin atakuwepo, na binamu yake, yule waliyefanana alama mbili. Utawaomba radhi kwa mdomo, si kwa karatasi. Mimi nitakaa pembeni na sitakusaidia hata neno moja. Maneno yakikwama tutasubiri, benchi ni refu.

Nilimwomba aliandike jina lake chini ya karatasi hii kabla hajaondoka, ili uje ukijua unachokuja kukiandika.

Mjomba wako,
Gwakisa

林国山